Hofu ya Takwimu Haitibiwi kwa Upweke

Ndugu mwanachuo, kila linapoanza somo la takwimu, wapo wanachuo hodari katika masomo mengine ambao hunyamaza ghafla. Wenzao husema kwamba hawana akili ya hesabu. Kwa maoni yangu, kauli hiyo ni potofu.

Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani, Cruise, Cash na Bolton, walitunga kipimo cha hofu ya takwimu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Kipimo hicho kina sehemu 6, na 2 kati yake zahusu watu, wala si hesabu: hofu ya kuomba msaada, na hofu ya mwalimu wa somo. Ikiwa ni hivyo, tiba nayo hapana budi ianzie kwa watu.

Wanachuo wanne au watano na wakae pamoja, kila mmoja akiwa huru kusema "sijaelewa" bila kuchekwa. Wachukue Sensa ya mwaka 2022. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika wilaya 5, yaani wastani wa watu 1,076,746 hivi kwa wilaya. Lakini Temeke ilikuwa na watu 1,346,674, Kinondoni 982,328, na Kigamboni 317,902 tu. Je, wastani huo waieleza Kigamboni? Atakayejadili swali hilo na wenzake amekwisha kuanza takwimu kabla hajakumbuka kuogopa.

Hata hivyo, kundi ambalo mmoja hukokotoa na wengine hunakili halimfai mtu. Kila mmoja ahitaji pia nguvu ya ndani, yaani imani kwamba akijitahidi ataweza. Imani hiyo haiji kwa kuhubiriwa. Huja kwa kufaulu jambo dogo leo kwa mkono wako mwenyewe, na jambo kubwa zaidi kesho.

Nayasema haya kwa sababu hofu ya mwalimu haibaki chuoni. Mtoto wa darasa la nne kule Mbagala au Tandale hatajua kamwe kwamba mwalimu wake aliziogopa takwimu; atajua tu kwamba aliuliza swali akajibiwa kwa ukali. Tangu siku hiyo naye hatauliza tena. Basi jifunze kuuliza sasa, ili kesho uweze kuulizwa.