Vijana hawajaacha bia, bia ndiyo imewaacha

Wasee, tuelewane kwanza: naongea kutoka Rongai ya Nakuru, upande wa Salgaa, si ile ya Kajiado.

Kila matanga hapa kwetu lazima mzee mmoja asimame alie: vijana wameacha bia, sasa ni makali kuanzia asubuhi. Eti ni malezi. Eti ni TikTok. Mimi nasema ni hesabu. Niliacha chuo kabla nimalize, lakini hii hesabu haitaki digrii.

Sheria iliyoanza kutumika Desemba 2024 inatoza ushuru kulingana na pombe safi iliyo ndani ya kinywaji. Kila sentilita moja kwa bia ni shilingi 22.50. Kwa makali ni shilingi 10. Soma tena polepole.

Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina sentilita 2.5 za pombe. Ushuru: shilingi 56 na senti 25. Kale kachupa ka mililita 250 kenye asilimia 40 kana sentilita 10. Ushuru: shilingi 100. Hako kachupa ni sawa na bia nne, na bia nne zinatozwa shilingi 225. Sasa huyo kijana wa mjengo, ako na pesa ya kibarua cha siku moja, ulidhani atachagua nini?

Na serikali inajua. Mwaka 2004 Senator Keg ililetwa ikiwa imepunguziwa ushuru, ndio maskini atoke kwa chang'aa. Watu walihama. Mwaka 2013 ikawekewa ushuru wa asilimia 50, mauzo yakaanguka. Mei 2014 tukazika watu wengi Embu, Kiambu na kwingine, waliokunywa pombe yenye methanoli. Sisemi wote walikuwa wa kegi. Lakini 2015 nafuu ilirudishwa. Kama bei haikuwa na maana, kwa nini irudishwe?

Sasa dawa mpya ni gani? Julai 2025 sera ya NACADA ikapendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21. Mtu wa miaka 20 akifungiwa mlango wa baa hatarudi nyumbani kunywa maziwa. Ataenda nyuma ya ploti, kwa chupa haina lebo.

Bia si maji, na imevunja nyumba nyingi. Lakini wale tulisoma nao primari hapa, kuna ambao hawajafika 25 na mikono inatetemeka hawawezi kushika kikombe cha chai. Hawakufikishwa hapo na bia.

Na shayiri ya bia inalimwa hapa hapa Nakuru, Mau Narok. Kwa hivyo hata mkulima wetu anaumia.

Geuzeni hesabu: kikali kilipe zaidi, chepesi kilipe kidogo. 2027 mheshimiwa akija Rongai na tishati zake, muulizeni tu: 22.50 na 10, wewe ulipiga kura gani?