MIKONO YAKO SIO MKANDA (Usalama wa mtoto, sehemu ya 3)

Akina mama, leo tugombane kidogo, kwa upendo.

Tangu nianze kuongelea kiti cha mtoto cha gari, wengi mnaniandikia: "Nesi, hayo mambo ya Wazungu. Mimi wangu nampakata, namshika vizuri."

Hapana mama. Humshiki. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anachomoka mikononi kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa magunia mawili ya mahindi. Nani kati yetu anazuia magunia mawili kwa mikono? Ni sawa na kumwangusha kutoka ghorofa ya tatu.

Pale dharura nimepokea wazazi waliotoka wazima kwa sababu walifunga mkanda, aliyeumia ni mtoto aliyepakatwa. Mama anarudia neno moja tu: "Nilikuwa nimemshika." Na ni kweli, alikuwa amemshika.

Mnasema kiti ni ghali. Sawa, sio hela ndogo. Lakini keki, maputo, picha za tumbo na nguo ambazo mtoto atavaa mara mbili tunachangishana bila kulalamika. Safari hii waambie mashosti wachange kiti. Cha mtumba pia sawa, ila uliza: kimewahi kupata ajali? Kama jibu halieleweki, kiache. Angalia nyufa, mikanda, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ukikipata, kitumie hivi:

1. Kifunge siti ya nyuma. Ukikitikisa pale kilipofungwa, kisicheze zaidi ya sentimita 2 na nusu.

2. Mtoto mdogo atazame NYUMA ya gari, angalau mpaka miaka 2, au mpaka afikie kilo na urefu wa mwisho ulioandikwa kwenye kiti. Kichwa chake ni kizito, shingo bado laini.

3. Kiti kinachotazama nyuma usikiweke KAMWE mbele ya eabegi inayofanya kazi. Ikifumuka inaweza kumuua.

4. Mikanda ikae mwilini. Ukijaribu kuifinya begani, isifinyike. Sweta zito vua, blanketi mfunike juu ya mikanda.

Akilia? Egesha gari pembeni, mnyonyeshe, mrudishe kitini. Usimtoe gari likitembea, hata bibi yake akikununia.

Na wewe unayepanda teksi bila kiti, sijakusahau. Kaa nyuma, funga mkanda wako peke yako. Usimpitishie na mtoto mkanda huo huo, mwili wako utambana. Huu sio ulinzi wa kiti, ni kupunguza balaa tu.

Baba akisema "ni hapo tu karibu", muulize: ajali huwa inauliza unaenda wapi?

Mtumie post hii sasa hivi. Sehemu ya 4 naongelea bodaboda. Jiandaeni kuninunia tena.