Turbo ipewe ubaridi kabla ya nguvu

Msimu wa korosho unapoanza Oktoba, magari huongezeka katika njia panda ya Nanganga. Yapo yanayotoka Ruangwa, yapo yanayokwenda Masasi na Newala, na yapo yanayoteremka kuelekea Lindi na Mtwara. Mengi ni ya Kijapani, na miongoni mwake si haba yenye injini ya dizeli ya turbo.

Wenye magari hayo hushawishika kuyaongezea nguvu ili yabebe zaidi na kupanda haraka. Fundi hurekebisha vali inayopunguza presha ya turbo, presha inapanda, na gari linakimbia siku hiyohiyo. Hapo ndipo penye kosa. Nguvu imetangulia, ubaridi umeachwa nyuma.

Turbo hutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha pangaboi dogo linalosindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikisindiliwa hupata moto, na hewa ya moto hutanuka. Kazi ya intakula ni kuipoza kabla haijaingia. Ikipozwa kutoka nyuzi joto 100 hadi 50 kwa presha ileile, silinda hupata hewa zaidi kwa takriban asilimia 15. Faida hiyo inapatikana bila kuilazimisha turbo.

Kuongeza presha peke yake ni kinyume chake. Hewa inazidi kuwa moto na turbo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi. Dizeli nayo ikiongezwa kupita kiasi, matokeo ni moshi mweusi na joto kali. Injini ya Toyota 1KZ-TE ya cc 2,982, iliyofungwa katika Prado na Hilux Surf nyingi, inajulikana kwa silinda hedi kupasuka inapochemka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa injini hiyo, ufa wenyewe ni gharama ya ukuta.

Je, ichaguliwe intakula ipi? Ile inayokaa juu ya injini ina mabomba mafupi na turbo huitika upesi. Lakini gari lenye mzigo linalopanda taratibu kwenda Newala hupata upepo mdogo, na joto la injini huirudia intakula hiyo. Inayokaa mbele hupoza vizuri zaidi, ila huikinga rejeta, na mabomba yake marefu yana viungo vingi vya kuvuja.

Kwa gari la mzigo katika uwanda wa Makonde, ya mbele yenye ukubwa wa wastani inafaa zaidi, mradi rejeta ni safi na feni ni nzima. Kubwa kupita kiasi huchelewesha presha na kuzidi kuziba upepo.

Wengi watanunua ya mtumba. Basi ijazwe hewa na kuzamishwa majini ionekane kama inavuja. Ikikutwa na oili nyingi ndani, huenda ilitoka kwenye gari ambalo turbo yake ilikufa, na vipande vya chuma vilivyobaki humo vinaweza kuingia kwenye injini mpya. Isifungwe kabla ya kusafishwa kabisa.

Fedha nazo zitumike kwa mpangilio. Kwanza kichujio cha hewa na mipira, kwa sababu vumbi hula mapanga ya turbo. Pili rejeta. Tatu geji ya presha na geji ya joto la moshi. Mafundi wengi wa dizeli huziona nyuzi 700 kuwa mpaka wa kazi ya muda mrefu. Nne intakula. Presha iwe ya mwisho, tena kidogo. Asiye na fedha za geji hana sababu ya kugusa presha.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho hupelekwa ghalani kabla ya kuuzwa mnadani, na mkulima hulipwa baada ya mauzo. Gari linapokwama mlimani, mzigo wake unaweza kukosa mnada na malipo yakasogea mbele. Mwenye gari naye, injini ikimfia Novemba, msimu umempita na mkopo unamsubiri. Kwa hesabu hiyo, gari linalopanda taratibu na kufika lina faida kuliko lenye mbio lililolala gereji.