Mbu wa Tororo na Taya la Mtoto
Lori huweza kulala foleni pale mpakani Busia likingoja karatasi. Mbu hangoji mhuri wa mtu. Jirani na Busia, huko Tororo nchini Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walikadiria kuwa mtu aliumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Malaria ya kiasi hicho haiishii kwenye homa: ikikutana na kirusi cha Epstein-Barr, taya la mtoto laweza kuvimba, meno yakalegea, na uvimbe ukaongezeka siku hadi siku. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, aliueleza ugonjwa huo, ambao ni saratani, mwaka 1958. Aliyeufuatilia hadi ndani ya jeni ni Mganda, Dkt. Sam Mbulaiteye, mhitimu wa Makerere aliyehamia Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani mwaka 2000. Utafiti wake wa EMBLEM ulikusanya damu za watoto wa Uganda, Tanzania na magharibi mwa Kenya, ukaonyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu, ile inayokinga malaria kali, hupata saratani hii kwa nadra zaidi. Mwaka 2019 uchambuzi wa jenomu ukabaini kwamba uvimbe wenye kirusi hicho una hitilafu chache za jeni zinazouchochea kuliko usio nacho. Hata hivyo, tiba bado imeegemea siklofosfamaidi, dawa iliyotumika katika hospitali ya Mulago, Kampala, tangu miaka ya 1960.