Kipaza Sauti Kipi? Hoja kwa Malenga Wanaoogopa Bisibisi

Malenga wenzangu, nimechoshwa na vikao vyetu vya kuililia lugha. Haupiti muda mrefu ila huibuka mmoja wetu akaandika kwamba mafundi wa kompyuta wanakiua Kiswahili kwa "mazabodi" na "draiva" zao, nasi wengine tukaitikia, "Naam, umenena." Nami nimewahi kuitikia. Leo natoka katika kiitikio hicho, na aibu iliyonitoa ni yangu mwenyewe.

Yupo mzee mmoja Dumila, pale njia panda ambapo barabara ya Kilosa huachana na ile ya Dodoma, ambaye huzighani tenzi kwa mahadhi nisiyoyasikia kwingine. Maneno ya tenzi hizo yameandikwa daftarini. Mahadhi hayakuandikwa popote. Yamo kooni mwake tu. Nilitaka kuyarekodi. Kompyuta ya mezani iliyokuwa nyumbani kwa mpwa wangu huko ilikuwa na sauti iliyojengwa ndani ya mashine, nayo ilivuma kama nyuki ndani ya mzinga. Basi nikanunua kadi ya sauti iliyokwisha kutumika, nikaipeleka kwa gari la abiria, na kwa kuwa mimi nilikuwa Morogoro mjini, nikamwandikia mpwa wangu maelekezo ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho nilijivunia. Hamkuwamo neno moja la Kiingereza.

Fundi wa pale njia panda akaipachika kadi. Siku iliyofuata mzee akaja, akanywa chai, akaghani kwa muda wa saa nzima. Walipofungua faili jioni, hamkuwa na kitu isipokuwa mvumo mwembamba wa mashine.

Nilikwenda Dumila nikiwa na hasira na fundi. Kijana yule hakubishana nami. Alichomoa waya wa umeme ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili mabaki ya umeme yaishe, akagusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu, akafungua ubavu kwa bisibisi. Kadi ilikuwa imekaa barabara katika nafasi yake, skrubu imekazwa. Draiva nayo ilikuwa sawa. Akaligeuza kasha, akanionyesha matundu matatu ya nyuma: la waridi, la kijani na la buluu. Ndipo akaitoa karatasi yangu, akaweka kidole juu ya mstari mmoja, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, hapa umeandika kipaza sauti kichomekwe kwenye tundu la kipaza sauti. Kipaza sauti kipi? Cha kusemea au cha kusikilizia?"

Sikuwa na jibu. Mpwa wangu alikuwa amechagua la kijani, nalo ni tundu la kutolea sauti. Kosa halikuwa lake.

Litazameni neno lenyewe. Kamusi zetu hulitaja kipaza sauti kwa maana ya kile anachokishika msemaji mkononi. Lakini waulizeni watu mkutanoni, watakuonyesheni pembe lililofungwa juu ya mti, linalotoa sauti. Kitu kimoja hupokea sauti na kingine huitoa, nasi tumevipa jina moja tukaridhika, kwa sababu jina hilo ni "letu". Wengine watasema tutumie kinasa sauti. Lakini hicho tumekizoea kuwa mashine nzima ya kurekodia. Kijana asiyejua mizani wala vina alikuwa na maneno mawili yaliyo wazi: cha kusemea, cha kusikilizia. Hakuyakopa kwa mtu. Kazi ilimlazimisha ayapate, maana fundi anayetumia neno lenye utata hurudishiwa kazi kesho yake.

Hii ndiyo hoja yangu: neno la ufundi halipimwi kwa nasaba yake, hupimwa mkononi. Likimwongoza mtu asiyejua akachomeka penye tundu lake, ni neno zuri, hata kama limetoka ng'ambo. Likimpoteza, ni baya, hata kama limezaliwa Lamu au Unguja.

Najua mtakalojibu: tukiacha mlango wazi, lugha itazama. Nami nauliza, meza ya Mreno ilituzamisha? Kalamu ya Mwarabu? Shule ya Mjerumani? Maneno hayo yaliingia kwa sababu vitu vyenyewe viliingia nyumbani, yakavikwa sarufi yetu, na leo hakuna mtunzi anayeona haya kuyatia kinani. "Draiva" nayo imekwisha kujipanga: draiva ya kadi, draiva za kadi. Lugha inayoweza kumvisha mgeni viambishi vyake haijazama.

Wala sisemi kazi ya istilahi haifai. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata na Windows yenye sura ya Kiswahili. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini tuliutafsiri uso wa kompyuta tukaliacha tumbo. Tuna "faili" na "hariri" kwenye kioo. Anayelifungua kasha amebaki na karatasi ya Kiingereza na Kichina. Huko tumboni mafundi wamejitafutia lugha peke yao, kisha sisi tuliokaa vibarazani tunawatoza faini.

Na tusijidai kwamba mashine hii ni ngeni kwa watu wa fani yetu. Kadi ya sauti hufanya nini? Hulipima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikaangukia katika ngazi moja kati ya 65,536, ambazo ni zao la biti 16. Sisi tunaohesabu mizani 16 katika mshororo, na kumkemea anayepungukiwa na moja, tunawezaje kuogopa chombo ambacho kazi yake yote ni kuhesabu?

Isitoshe, tunadaiwa. Kijana yule alikuwa na majina ya matundu, lakini kila kasoro ya sauti aliiita "noizi". Mimi nilizisikia tofauti: kulikuwa na mvumo, kulikuwa na mkwaruzo, kulikuwa na mwangwi wa ukuta usio na pazia. Nilipomtajia, alifurahi, kwa kuwa kila moja ina dawa yake. Mvumo hutafutwa kwenye umeme na nyaya, mkwaruzo kwenye plagi iliyolegea, mwangwi hutulizwa kwa kutundika khanga ukutani. Maneno hayo yamejaa katika diwani zetu. Tumeyafungia humo kama vyombo vya wageni, na anayeyahitaji kila siku hajapata kuyatumia.

Mtasema kuandika maelekezo ya kadi si kazi ya mshairi. Si kweli. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi. Kitabu hicho ni nini kama si mwongozo wa fundi, unaoeleza hatua za kazi kwa lugha inayoeleweka? Mathias Mnyampala alizikuza ngonjera zikafundishia siasa ya Ujamaa. Waliotutangulia hawakuona haya ushairi kubeba mzigo wa mafunzo. Sisi tumeona haya tangu lini?

Basi nataka mambo mawili. La kwanza, asiyewahi kukaa na fundi kutwa nzima akisikiliza anavyokitaja chombo chake, asitunge istilahi ya chombo hicho. La pili, kila mmoja wetu aandike mwongozo wa kazi moja aijuayo, kisha ampe mtu asiyeijua aifanye akiufuata. Akikosea, tusimlaumu, tulirekebishe neno.

Naanza mimi, kwa beti moja ambayo fundi wangu ameipima kabla yenu:

Ng'oa waya ukutani, gusa chuma ujitue,
Kadi ishike pembeni, vumbi lote ulitoe,
Ipachike nafasini, sawasawa iingie,
Kila tundu lipe jina, lugha yetu isizame.

Mzee alikubali kughani tena. Safari hii cha kusemea kilichomekwe penye waridi, na sauti iliingia safi. Lakini alikuwa amechoka, na ule utenzi wa saa moja aliukatiza njiani. Akasema sehemu iliyobaki imemponyoka. Mahadhi ya sehemu ile yalighaniwa mara moja mbele ya mashine iliyokuwa haisikii, kwa sababu ya neno nililolichagua mimi kwa usafi wake. Atakayekuja kuniambia tena kwamba mafundi wanaiua lugha, kwanza anijibu swali la kijana: kipaza sauti kipi?