Uzuri wa Gari Haumlindi Dereva

Kila mwaka, kabla ya msimu wa mbio za magari za Formula 1 kuanza, timu huwa na desturi ya kuyaonyesha hadharani magari yao mapya. Tangu siku hiyo hadi siku ya shindano la kwanza, wapenzi wa mchezo huu popote walipo huwa hawana mazungumzo mengine. Huyu husifu pua ya gari la Ferrari, yule hulibeza bawa la gari la McLaren, na wa tatu huapa kwamba bingwa wa mwaka amekwisha kujulikana hata kabla gurudumu halijazunguka.

Hatuoni ubaya katika majadiliano hayo. Mchezo usiojadiliwa ni mchezo uliokufa. Lakini ipo tabia moja katika majadiliano hayo ambayo hatuna budi kuikemea, nayo ni ya kulihukumu umbo la gari kwa jicho peke yake, bila kuuliza ni kwa sababu gani limeundwa hivyo. Katika mchezo huu swali hilo si la mapambo tu. Mara nyingine ni swali la uhai wa mtu.

Kwanza, jicho ni hakimu dhaifu hata katika kupima mwendo. Mwaka 2009 gari la timu ya Brawn, jeupe na karibu tupu bila matangazo ya wadhamini, ndilo lililompa Jenson Button ubingwa wa dunia. Mwaka 2022 gari la Mercedes lilipoonekana Bahrain likiwa na mbavu nyembamba kupita kiasi, wengi walipigwa na butwaa wakadhani wapinzani wamekwisha. Katika mashindano 22 ya mwaka ule gari hilo lilishinda moja tu. Wahenga walikwisha tuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Pili, nyuma ya kila umbo la ajabu kwa kawaida ipo kanuni. Mtumishi wa serikali, ambaye kazi yake ya kila siku ni kanuni, atalielewa jambo hili upesi. Kwa msimu wa 2014 iliamriwa kwamba ncha ya pua ya gari ishushwe kutoka kimo cha milimita 550 hadi milimita 185. Shabaha ilikuwa njema: pua iliyoinuka ingeweza kumpiga kichwani dereva aliyegongwa ubavuni, au kulirusha gari juu likigonga gurudumu la aliye mbele. Lakini wahandisi walitaka hewa nyingi ipite chini ya gari, kwa maana hewa hiyo ndiyo husaidia kulikandamiza gari barabarani. Basi wakaitimiza kanuni kwa kipimo chake cha chini kabisa: wengine wakachomoza kitu chembamba mfano wa kidole, na Lotus wakatengeneza pua yenye pembe mbili. Mashabiki walicheka hadi machozi, lakini wachache waliuliza kanuni ile ilikusudia kumlinda nani.

Sisi wa Afrika Mashariki tusingepaswa kuelezwa jambo hili mara mbili. Katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, magari yalifungwa fito nene za chuma mbele kwa ajili ya wanyama, na mengine yakawekewa bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi karibu na paa, ili injini isinywe maji wakati wa kuvuka mito. Mapambo hayakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Umbo la gari lilitokana na barabara iliyokuwa mbele yake.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ule upinde wa titani uitwao halo, unaozunguka juu ya kiti cha dereva. Haja yake ilionekana kwa uchungu. Mwezi Julai 2009 kijana Henry Surtees, mwenye umri wa miaka 18, alifariki huko Brands Hatch, Uingereza, baada ya gurudumu lililong'oka katika gari jingine kumpiga kichwani. Siku sita baadaye, nchini Hungaria, Felipe Massa aliumizwa vibaya na springi iliyoanguka kutoka gari lililokuwa mbele yake. Vichwa vya madereva vilikuwa wazi, na kofia peke yake haikutosha.

Hata hivyo, halo ilipoamriwa kwa msimu wa 2018, ilipokewa kwa kelele. Mashabiki wengi waliiita takataka. Niki Lauda, ambaye mwenyewe aliungua vibaya Nürburgring mwaka 1976, hakuipenda. Toto Wolff wa Mercedes alisema kwamba angepewa msumeno angeikata. Baadhi ya madereva pia waliipinga, akiwamo Mfaransa Romain Grosjean.

Tarehe 29 Novemba 2020, katika mzunguko wa kwanza wa shindano la Bahrain, gari la Grosjean lilikigonga kizuizi cha chuma kwa mwendo wa takriban kilomita 192 kwa saa. Lilikatika vipande viwili, nusu ya mbele ikapenya katikati ya vyuma, na moto ukalipuka. Upinde ule uliokuwa ukichekwa ndio uliovizuia vyuma visimfikie kichwani. Kwa karibu nusu dakika alikuwa ndani ya moto, kisha akatoka kwa miguu yake, mikono ikiwa imeungua. Akiwa hospitalini alikiri mbele ya ulimwengu kwamba hapo awali hakuitaka halo, na kwamba bila hiyo asingekuwapo kuzungumza.

Wapo watakaosema kwamba shabiki ndiye mwenye mchezo, kwa kuwa pasipo yeye hakuna mapato. Ni kweli. Aidha, sauti yake ina nguvu. Mwaka 2016 ulipoletwa utaratibu mpya wa kupanga nafasi za kuanzia, malalamiko ya mashabiki, timu na madereva yaliufuta baada ya mashindano mawili tu. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kuitumia sauti hiyo kwa uangalifu. Kama kelele za mwaka 2018 zingefaulu kama zilivyofaulu zile za 2016, Grosjean angeulipia uzuri wa gari kwa roho yake, na sisi tungekuwa tumekaa salama mbele ya televisheni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa msimu wa 2026 kanuni zilibadilishwa tena. Upana wa gari ulipunguzwa kutoka milimita 2,000 hadi 1,900, uzito ukapunguzwa kwa takriban kilo 30, karibu nusu ya nguvu za mtambo zikatakiwa kutokana na umeme, na pua ikatakiwa kuhimili mgongano kwa hatua mbili, ili ising'oke yote katika pigo la kwanza na kumwacha dereva bila kinga. Mabadiliko ya namna hiyo hayana budi kuzaa maumbo mageni, na maumbo mageni hayana budi kuzaa ubishi.

Basi tubishane, lakini kwa maswali. Umbo hili limetokana na kanuni gani? Kanuni hiyo inamlinda nani, na dhidi ya hatari ipi? Je, wahandisi wameitii shabaha yake, au wametii maneno yake tu? Mwalimu aliye na wanafunzi wanaopenda magari anaweza kuyaandika maswali hayo ubaoni, nayo yatawafundisha mengi kuhusu hewa, uzito na mgongano. Shabiki akishapata majibu, ana haki kamili ya kusema kwamba gari ni baya. Asilolipasa ni kudai uzuri ambao gharama yake italipwa na mtu mwingine.