Pasipoti ya Uingereza, leseni ya mama mdogo: mastaa mnawaweka ndugu zenu rehani

Mjini hapa kuna mdada mmoja, jina kapuni. Mtoto wa Kariakoo kabisa, kakulia katikati ya makelele ya machinga na honi za bodaboda, halafu akaenda Uingereza angali binti. Miaka ikapita. Kapata uraia wa kule, karudi Bongo na lafudhi yake, mabegi yake na ile pasipoti ya bluu ambayo Waingereza walianza kuitoa 2020 baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya.

Sasa hivi ana duka la nguo Kariakoo na saluni Sinza. Kila jioni yuko laivu: "Karibuni dukani kwangu wapenzi, mzigo mpya umeingia!"

Dukani kwake? Hebu ingia ndani, uangalie leseni iliyotundikwa nyuma ya kaunta. Jina lililoandikwa pale si lake. Ni la mama yake mdogo, mama wa watu ambaye hata hiyo Insta yenyewe haijui.

Na mdada hayuko peke yake. Yupo kaka mmoja wa muziki, naye ana pasipoti ya nje, kiwanja chake cha Kigamboni kimeandikwa jina la mdogo wake. Yupo MC mmoja anapiga shoo kila wikiendi kwa viza ya matembezi. Siku 90 zikikaribia anaruka Nairobi, anakula bata siku mbili, anarudi kugongewa muhuri mwingine. Mjini wanauita ujanja.

Sawa, ujanja. Lakini siku ujanja ukigoma, nani analipa?

Kwanza lieleweke jambo moja, maana kwenye komenti watu wanabishana bila kusoma. Tanzania haina uraia pacha. Sheria ya Uraia ya 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Haijalishi umezaliwa Mtaa wa Sikukuu au bibi yako ana nyumba Gerezani tangu enzi za mkoloni. Kenya wameruhusu uraia pacha kwenye Katiba yao ya 2010, Uganda nao wanaruhusu. Bongo bado.

Kwa hiyo mdada akishuka pale uwanja wa Julius Nyerere, kwa afisa wa Uhamiaji yeye ni Mwingereza kama Mwingereza mwingine. Viza ya kawaida dola 50, siku zisizozidi 90, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi.

Akitaka kuishi nchini, kuna kibali cha ukaazi. Daraja A ni la mwekezaji na anayejiajiri. Daraja B ni la aliyeajiriwa, na huyo anatakiwa awe pia na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Daraja C ni la wengine, kama wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Hakuna siri wala uchawi hapo, hata maombi yanafanyika mtandaoni.

Shida imeanza Julai 2025. Serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Kwenye orodha kuna biashara ya jumla na rejareja (supamaketi zimeachwa), uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu, udalali wa nyumba na viwanja, kuongoza watalii, na saluni isipokuwa ikiwa hotelini au kwa ajili ya utalii. Kariakoo wengi walishangilia. Kilio cha wageni, hasa Wachina, kuuza mpaka rejareja kilikuwa cha muda mrefu, na mapema mwaka huo huo serikali ilishaunda kamati ya kuchunguza biashara za wageni hapo hapo sokoni.

Kwa machinga anayeuza soksi juani, furaha ile ilikuwa ya haki. Mtu mwenye mtaji wa kontena anashindanaje naye kwenye pea moja ya soksi?

Ila wengi walioshangilia hawakusoma mpaka mwisho. Amri haikuandika "Mchina". Imeandika asiye raia. Duka la nguo ni rejareja. Saluni ya Sinza haipo hotelini. Mtoto wa Kariakoo mwenye pasipoti ya bluu yumo kwenye kapu lile lile.

Na adhabu je? Asiye raia akikutwa, faini isiyopungua milioni 10 au jela hadi miezi sita, na viza pamoja na kibali cha ukaazi vinaweza kufutwa. Halafu kuna kipande ambacho mastaa wanakiruka: raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana kosa. Faini milioni 5 au jela hadi miezi mitatu.

Sasa rudi kwenye ile leseni ya ukutani. Raia anayetajwa pale ni nani? Mama mdogo.

Siku maafisa wakipita, mdada ana pa kwenda. Atalia laivu, atakata tiketi, kesho yake yuko Heathrow na kofia na miwani mikubwa. Mashabiki watamwonea huruma, pengine atapata na dili la matangazo. Mama mdogo hana Heathrow. Ana chumba cha kupanga, kikoba cha akina mama anachotakiwa kurejesha kila Jumamosi, na jina lake limeandikwa kwenye leseni, mkataba wa fremu, hesabu za kodi TRA na mashine ya risiti. Milioni 5 ataitoa wapi? Mshahara anaolipwa na huyo mwanawe ni "nitakutumia ma'mdogo, subiri mzigo uishe".

Watetezi wa mdada wana hoja, na hoja yao si ya kutupwa. Wanasema huyu ni damu yetu, kwao ni hapa, hela aliyochuma kwenye baridi ya Uingereza kaileta nyumbani, kaajiri mabinti wanne. Kumweka kundi moja na mtu aliyekuja jana kwa ndege inauma. Inauma kweli. Nchi inayopokea pesa za watoto wake walioko nje kila mwezi inapaswa kuwa na mlango wao.

Na mlango umeanza kuonekana. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, sheria ya uhamiaji na ya ardhi zikaguswa. Hiyo si sawa na uraia, lakini inaonesha serikali imekubali kwamba mtoto wa Kariakoo na mgeni kabisa hawafanani. Kinachotakiwa ni kupiga kelele mlango huo ufunguke vizuri, uelezwe kwa Kiswahili cha kawaida, na mtu ajue biashara gani anaruhusiwa na ipi hapana. Mdada ana wafuasi laki kadhaa. Laivu moja ya kuuliza hilo ingesaidia kuliko laivu kumi za wigi.

Lakini hoja ya damu haifuti hatari ya mama mdogo. Kama ni damu, hata yeye ni damu.

Cha kuchekesha ni kwamba Waingereza wenyewe wamepitia somo hili. Walipiga kura Juni 2016 kujitoa Umoja wa Ulaya. Wakati huo maelfu walikuwa wanaishi Hispania, wengi wazee wanaokula pensheni kwenye jua. Aliyekaa zaidi ya miezi mitatu alitakiwa ajiandikishe, lakini wapo waliopuuza. Wakasema nani ananiuliza, nimezoeleka mtaani, hata mwenye baa ananijua kwa jina. Uingereza ikatoka, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba 2020. Aliyekuwa mkaazi halali kabla ya siku hiyo alilindwa na mkataba, akachukua kadi yake, maisha yakaendelea. Aliyekuwa anaishi chini chini bila uthibitisho akageuka mtalii: siku 90 ndani ya kila siku 180, ukizidisha wewe ni mkosaji. Nyumba anayo, mbwa anayo, rafiki anao, karatasi hana.

Kuzoeleka mtaani hakujawahi kuwa kibali. Sio Hispania, sio Kariakoo.

Kwa hiyo wenye pasipoti za nje mliorudi nyumbani, karibuni sana, mji huu ni wenu. Ila amueni. Kama unataka biashara, tafuta iliyo nje ya zile 15 na uombe kibali kinachoihusu, kwa jina lako. Kama duka ni la mama mdogo, basi liwe la mama mdogo kweli: faida aione, benki asaini yeye, na wewe uwe unamtangazia tu mtandaoni, nako uulize kwanza kama kibali chako kinaruhusu. Kama unasubiri hadhi maalumu, subiri bila kumtumia mtu mwingine kama ngao. MC naye aache kuhesabu siku kwenye kalenda ya simu. Pesa anayochoma kwenda Nairobi kila baada ya miezi mitatu angeanzia nayo kuulizia kibali.

Na nyie mnaoandika "mrudisheni kwao" chini ya kila posti, punguzeni povu. Nusu ya familia za mjini zina mtu wa namna hii. Leo mnamcheka mdada, kesho ni kaka yako anashuka na mabegi, anakuomba kitambulisho chako cha NIDA "kwa wiki moja tu".

Ungekuwa wewe ndiye mama mdogo, ungempa? Dondosha maoni yako hapo chini, bila matusi.